Pasipoti imepotea ugenini, nianzie wapi?

SWALI: Nimeibiwa pasipoti nikiwa nchi ya watu na ndege yangu ni keshokutwa. Ubalozi wetu utanisaidiaje?

JIBU: Pole sana. Anzia polisi, kisha ndipo uende ubalozini, kwa sababu ripoti ya polisi ni kati ya karatasi za mwanzo utakazoulizwa. Beba pia picha 2 za pasipoti (nchi nyingi hutumia milimita 35 kwa 45), nakala ya pasipoti iliyoibiwa au cheti cha kuzaliwa, na tiketi. Tiketi usiiache, maana tarehe ya safari ndiyo inayoonyesha kwamba jambo ni la haraka.

Usiombe pasipoti mpya. Mara nyingi hutengenezwa nyumbani na keshokutwa haitakuwa imefika. Omba hati ya dharura ya kusafiria. Hiyo kwa kawaida ni ya safari moja tu, na si kila nchi inaipokea. Kama ndege yako inaunganisha katika nchi nyingine, liulize shirika la ndege mapema.

Wengi hukwama pale uwanjani: hati mpya haina viza wala muhuri wa kuingia. Pitia ofisi ya uhamiaji ya nchi uliyopo, na ripoti yako mkononi, uulize wanataka nini ili wakuruhusu kutoka. Na pasipoti ya zamani ikipatikana baadaye, tafadhali usisafiri nayo. Ikisharipotiwa hufutwa, na namba yake inaweza kuwa imeingizwa kwenye kanzidata ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea. Utazuiwa mpakani ukiwa na pasipoti yako mwenyewe.

SWALI: Kaka yangu amekamatwa ughaibuni. Ubalozi unaweza kumtoa?

JIBU: Hauwezi, sheria za nchi mwenyeji zinaubana nao pia. Ila Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli (yaani kazi ya balozi ya kuwahudumia raia wao walio ugenini), ibara ya 36, unawataka polisi wamweleze haki yake na, akiomba, waujulishe ubalozi bila kuchelewa. Asipoomba, huenda ubalozi usijue kabisa, kwa hiyo nanyi pigeni simu: toeni jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na kituo alichoshikiliwa. Afisa anaweza kumtembelea, kumpa orodha ya mawakili na, kwa ridhaa yake, kuwaletea habari. Ada ya wakili na dhamana kwa kawaida ni juu ya familia. Kama ana uraia wa nchi hiyo pia, semeni mapema, kwani wanaweza kumhesabu raia wao na kumkatalia afisa wenu.