"Coward" haina ng'ombe ndani yake

Mdogo wangu, umeuliza kama neno la Kiingereza "coward", yaani mwoga, limetokana na ng'ombe ("cow"), na kama "he is a cowardly" ni sahihi. Ng'ombe hayumo kabisa. Neno limetoka Kifaransa cha kale, kwenye mkia, ambao kwa Kilatini ni "cauda". Nenda soko la samaki hapa Tanga alfajiri, umtazame mbwa akikemewa na mchuuzi: mkia unaingia katikati ya miguu, mgongo unapinda. Si ndiyo twasema kafyata mkia! Nalipenda neno hili kwa sababu hiyo.

Sema "he is a coward". Woga ni "cowardice"; "cowardly" ni kivumishi. Ila usimwite hivyo mvuvi aliyeahirisha safari bahari ikichafuka. Neno hilo ni lawama, la mtu aliyekimbia wajibu wake.