Kaka ana Marfan, aanze kliniki ipi?

Dada, unasema kaka yako wa miaka 27, mbeba dagaa pale Mwaloni Kirumba, ameambiwa ana Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu zinazoshikilia mwili, na sasa mnazungushwa macho, mifupa, moyo, kila kliniki kivyake.

Anzeni na moyo. Macho na mgongo vinasumbua, lakini kinachoua ni mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ukuta wake hulegea, hutanuka taratibu bila maumivu, kisha waweza kuchanika ghafla. Eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, hupima upana wake kwa milimita, na hurudiwa angalau kila mwaka ili kulinganisha na kipimo kilichopita.

Mwombeni daktari mmoja, wa moyo au magonjwa ya ndani, hospitali ya Bugando kwa mfano, awe ndiye msimamizi. Wengine wamwandikie yeye. Mafaili hayatembei yenyewe, kwa hiyo nunua kaunta buku, bandika majibu yote, andika milimita, presha na dozi. Lenzi ya jicho ikihitaji upasuaji, daktari wa macho na wa usingizi waione eko kwanza.

Gunia aliache, hata wajomba wakiita uvivu. Aombe kazi ya mizani au kuandika hesabu. Maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo ni hospitali usiku huohuo. Msimpe diklofenaki ya kutuliza maumivu mkalala.

Na wewe je, mrefu kama yeye, kama walivyo wengi wenye Marfan? Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Pima eko kabla hujashika mimba.