Bradman Mchukueni Nyinyi

Mhariri,

Swali lenu la kriketi la wiki hii lilikuwa: "Ukipewa nafasi ya kwanza ya kuchagua kikosi cha Testi cha nyakati zote, utaanza na nani?" Nililisoma nikaliacha, nikalirudia, na sasa naona nisipoandika sitapata usingizi. Swali lenyewe limeshajijibu. Wa kwanza ni Don Bradman wa Australia: mechi 52 za Testi (kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa), mikimbio 6,996, ndiyo alama za mpigaji, wastani wa 99.94 kwa kila mara aliyotolewa, kila mtu aende zake. Mkitaka kujua nani anaujua mchezo huu wa kuchagua vikosi, ulizeni wa pili anamchukua nani. Ulizeni pia ni nafasi ipi ya foleni mtu angeitaka kama angeruhusiwa kuchagua. Hilo ndilo nitakalojibu.

Kwa ambao hawajawahi kuucheza: mnakaa watu wanane, kila mmoja anataja mchezaji mmoja kwa zamu mpaka atimize kumi na mmoja. Aliyekwisha kutajwa ameondoka. Foleni inageuka kila raundi, hivyo aliyeanza raundi ya kwanza anamaliza raundi ya pili. Maana yake anachukua wa 1, kisha anakaa kutazama wenzake wakikomba vinono hadi wa 16, ndipo anapata na wa 17 papo hapo. Mtu wa nane anachukua wa 8 na wa 9 kwa mkupuo. Mwisho yanakuwa yametoka majina 88, na wasio na vikosi wanapiga kura ni timu ipi ingeshinda mechi ya siku tano. Unaweza kuijua historia yote ya kriketi na bado ukashindwa, kwa sababu hapa hutafuti bora peke yake. Unahesabu nani atakuwa bado yupo zamu ikirudi.

Mimi ni mtu wa Garfield Sobers wa West Indies, mpigaji na mrushaji kwa pamoja, sifichi. Mikimbio 8,032 kwa wastani wa 57.78, wiketi 235, yaani wapigaji aliowatoa, na ile 365 bila kutolewa dhidi ya Pakistan pale Kingston mwaka 1958, rekodi iliyodumu hadi Brian Lara alipopiga 375 mwaka 1994. Mpira ukiwa mpya anaurusha kwa kasi kwa mkono wa kushoto. Ukichakaa anageukia spini, mpira unaozungushwa ili ugeuke ukigonga ardhi, tena spini za aina mbili, ya vidole na ya kifundo cha mkono. Bradman anakupa mikimbio, basi. Katika maisha yake yote ya Testi alipata wiketi 2.

Tena Bradman anazuilika. Msimu wa 1932-33 nahodha wa Uingereza, Douglas Jardine, aliwajaza wadakaji upande wa mguu, yaani upande iliko miguu ya mpigaji, akamwambia mrushaji wake Harold Larwood alenge mbavu. Larwood alipata wiketi 33 katika mfululizo ule, na wastani wa Bradman ukashuka hadi 56.57. Kisha Hedley Verity, mtu wa spini asiyemtisha mtu kwa kumtazama, alimtoa mara 8 katika Testi. Na mechi ya mwisho kabisa, The Oval mwaka 1948, zilihitajika mikimbio 4 tu wastani ufike 100 kamili, mrushaji Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili. Sifuri. Nikiyaweka haya mezani huwa nasema: Bradman mchukueni nyinyi, mimi nipeni Sobers.

Sasa kuna mchezo mmoja wa kuchagua vikosi ambao sharti niueleze, maana ndio uliofanya swali lenu linichome.

Tulikuwa wanane wenye vikosi, na mzee mmoja wa tisa aliyekataa kabisa kuwa na kikosi. Yeye alishika daftari na penseli. Alikuwa na mtindo wa kulamba ncha ya penseli kabla ya kukata jina, halafu analikata kwa rula, polepole, mstari mmoja ulionyooka, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja mchezaji mwingine kabla rula haijainuliwa. Ukijumlisha majina 88 utaelewa kwa nini tulikaa pale kutwa.

Kura ya foleni ikampa nafasi ya kwanza binti mmoja, mdogo kuliko sote. Akasema "Bradman" bila kuinua macho kwenye karatasi yake. Tukacheka. Kaka yake akamwambia, "Huyo hata asiyejua kriketi angemtaja." Hakujibu. Mimi wa pili, nikamtaja Sobers kabla rula haijatua vizuri, nikaonywa. Wakafuata Warne, Tendulkar, Muralitharan, Hobbs, Imran Khan. Hakuna wa kugombana naye hapo.

Wa nane ndiye aliyelitibua. Alichukua Malcolm Marshall na Adam Gilchrist kwa pamoja. Marshall, mrushaji wa kasi, hatukumbishia: wiketi 376 kwa wastani wa 20.94 (kwa mrushaji ni mikimbio anayotoa kwa kila wiketi, hivyo ndogo ndiyo bora), na zaidi ya namba ni ile siku ya Headingley mwaka 1984. Kidole gumba cha kushoto kimevunjika, akaingia kupiga wa mwisho kwa mkono mmoja ili mwenzake Larry Gomes afikishe senchuri yake, mikimbio 100, kisha akarudi na plasta mkononi akawatoa Waingereza saba kwa mikimbio 53. Aliyemchagua alituigizia yote hayo akiwa amesimama, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Gilchrist ndiye aliyezua taharuki. Mlinda wiketi, yule wa glavu anayekaa nyuma ya mpigaji, naye anapiga kwa wastani wa 47.60! Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba walinda wiketi wanaojua kupiga ni wachache, na foleni imegeuka. Jamaa aliyekuwa na Imran akarukia: "Sangakkara, mlinda wiketi wangu. Wastani 57.40, huyo Gilchrist haoni ndani."

Mzee akalamba penseli, lakini hakukata.

"Unamtaka yupi?" akauliza.

"Yupi vipi? Si Sangakkara ni mmoja?"

"Akivaa glavu alipiga kwa wastani wa 40.48. Alipozivua, 66.78. Mimi hapa nitaandika mmoja."

"Mzee, hilo haliko kwenye kanuni."

"Sasa limo."

Ubishi uliofuata sina haja ya kuueleza wote, ingawa naukumbuka wote. Jamaa alidai kikosi ni mtu, si takwimu za mtu. Mwingine akasema kwa hesabu hiyo hata Bradman ahesabiwe upya kwa mechi alizokuwa nahodha na zile alizokuwa mchezaji tu. Yule wa Gilchrist akawa upande wa mzee, kwa sababu anazozijua kila mtu. Mtu mmoja akapendekeza Sangakkara avae glavu raundi ya kwanza ya urushaji na azivue ya pili. Nami nilichangia, tena kwa sauti, kwamba ukimruhusu mtu kuchukua mikimbio ya 66.78 pamoja na glavu umemtengeneza mchezaji ambaye hajawahi kuzaliwa. Bado nashikilia hivyo. Mzee alikuwa sahihi: kulinda wiketi siku mbili kwenye jua kisha uingie kupiga wa tatu ni kazi nyingine kabisa, na namba za Sangakkara zinaonyesha uzito wake kuliko hotuba yoyote. Mwishowe jamaa akamchukua Sangakkara asiye na glavu, kwa kisirani, na baadaye akajaza pengo kwa Alan Knott. Knott kwa glavu ni fundi wa mafundi, lakini kwa gongo ni wastani wa 32.75.

Kelele zile zilipopoa, wenzetu wengine tayari walikuwa wamekimbilia walinda wiketi kana kwamba soko linafungwa. Mimi nikachukua mpigaji George Headley, wa 15, nikajipongeza. Zamu ya binti. "Kallis," akasema. Rula. "Na Hadlee." Rula. Akarudi kwenye karatasi yake.

Mlinda wiketi hakumgusa. Raundi ikapita, na nyingine, na nyingine. Kaka yake akaanza kumhurumia: "Wewe utamweka nani pale nyuma?" Raundi ya tisa, wakati sisi tunaokoteza warushaji wa akiba, akasema, "Andy Flower." Kimya kikaanguka, kisha mtu akaguna. Flower wa Zimbabwe, aliyekuwa anaibeba timu dhaifu mgongoni, akiwa amevaa glavu alipiga kwa wastani wa 53.70. Huyo anampita Gilchrist kwa mikimbio sita, na alibaki sokoni muda wote ule kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anamfikiria.

Kura zikampa yeye ushindi. Nilisema siku ile, na nimekuwa nikisema tangu hapo, kwamba alibebwa na jina la Bradman. Wapiga kura wakiliona jina hilo juu ya orodha, wanaacha kusoma.

Lakini nikiwaandikia hapa nimeweka namba moja chini ya nyingine, jambo ambalo kwenye ubishi wa mdomo halifanyiki. Sobers: 57.78 kwa kupiga, wiketi 235 kwa wastani wa 34.03. Jacques Kallis: mikimbio 13,289 kwa 55.37, wiketi 292 kwa wastani wa 32.65, na juu yake amedaka mipira 200. Kallis hana spini, kweli. Hakuwa na uzuri wa Sobers pia; kumtazama Kallis akipiga kunahitaji subira. Lakini yule binti alimpata wa 16. Yaani kitu nilichokilipia kwa nafasi ya pili, yeye alipata kinachokikaribia sana baada ya watu kumi na watano kwenda.

Halafu Bradman. Chini ya 99.94 yake, ukitazama waliostaafu wakiwa na angalau mechi 20, unakutana na Adam Voges kwa 61.87, Graeme Pollock 60.97, Headley wangu 60.83, Herbert Sutcliffe 60.73. Ni msongamano wa watu waliokaribiana, na juu yao hakuna kitu kabisa kwa urefu wa mikimbio 38. Hakuna nafasi nyingine uwanjani yenye shimo kama hilo. Kati ya Marshall na warushaji wa kasi wanaomfuata hazifiki hata pointi mbili: Glenn McGrath 21.64, Hadlee 22.29, Imran 22.81. Ukikosa mmoja, mwingine yupo.

Na ile 56.57 ya mwaka wa Larwood, silaha yangu ya miaka yote. Ni Bradman aliyevunjwa, aliyepangiwa mkakati ambao ulikaribia kuvunja uhusiano wa nchi mbili, na ambao sheria ya leo inauzuia kwa kuruhusu wadakaji wawili tu nyuma ya mpigaji upande wa mguu. Bradman huyo aliyevunjwa amempita Kallis, na yuko pointi moja na kidogo chini ya Sobers aliye katika afya njema. Sipendi kuiona sentensi hiyo ikiwa na mwandiko wangu, lakini nimeihesabu mara mbili.

Basi jibu la swali lenu, kwa shingo upande: Bradman. Ila nina masharti. Ikiwa kanuni zenu zinasema uwanja haufunikwi mvua ikinyesha, kama zamani, mwacheni. Kwenye ardhi iliyolowa na kuanza kukauka sifa zake zilikuwa ndogo, na hapo fundi ni Jack Hobbs. Ikiwa mnapiga kura badala ya kujumlisha namba, Bradman ni Bradman, lakini walio nyuma yenu kwenye foleni wapunguzeni nguvu kwa kumchukua Verity nyinyi, wasije kumtumia kumtoa Bradman wenu. Mimi huwa namchukua raundi za mwisho kwa kazi hiyo moja tu.

Kwa swali nililojiuliza mwenyewe, jibu langu halijabadilika: nafasi ya kwanza nisiipewe. Nipeni ya nane. Bradman nitamkosa, na Sobers pengine nitamkosa, lakini nitaondoka na Marshall na mwingine wa daraja lake wakati wa kwanza bado anahesabu vidole kusubiri wa 16. Kama wa kwanza ni yule binti, hata hilo silitolei dhamana.

Jambo la mwisho kwa wanaotunga kanuni. Hicho kiwango cha mechi 20, ambacho mchezaji sharti akifikie ndipo atajwe, kinamfungia nje Barry Richards wa Afrika Kusini, aliyecheza Testi 4 mwaka 1970, akapiga mikimbio 508 kwa wastani wa 72.57, kisha nchi yake ikatengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi na haikurudi kwenye Testi hadi 1992. Mrushaji Sydney Barnes mnamruhusu na mechi zake 27 za enzi ya viwanja vibovu, wiketi 189 kwa wastani wa 16.43, na hamna anayeguna. Kishusheni hadi mechi 4. Mkikishusha, Richards atatajwa raundi ya tatu, na atakayemwacha hadi ya tano asije kuniambia mimi habari za kriketi.