Shamba la parachichi Tukuyu ukiwa Qatar

Ndaga, ndugu yangu. Umeuliza kama pesa ya mkataba wako wa miaka miwili Qatar uinunulie shamba la parachichi Tukuyu sasa hivi au uiweke kwanza. Mimi ningeiweka.

Nilikaa Oman miaka minne nikituma pesa ya kujenga Uyole. Niliporudi nilikuta msingi umefunikwa na magugu hadi kiunoni na tripu mbili za mchanga, basi. Msimamizi alikuwa ndugu wa damu. Iliniuma sana.

Anza na akiba ya dharura ya miezi sita, maana kibarua kikiota nyasi huko, kibali cha kuishi nacho kiko mashakani. Inayobaki peleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania inayowekeza pesa za watu wengi kwa pamoja. Vipande, yaani sehemu yako ya mfuko, unaviuza ukihitaji pesa. Hatifungani za serikali, yaani pesa unayoikopesha serikali, hulipa riba mara mbili kwa mwaka, ila za miaka 20 au 25 zinataka subira.

Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Kabla ya hapo ni palizi na samadi tu, na nani atapalilia? Njoo likizo, ukanyage shamba mwenyewe, uongee na mnaopakana nao na serikali ya kijiji kabla hujatoa hata shilingi.