Spika za masikioni za elfu kumi na tano: nyingi zinafia ndani ya kikasha

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukinunua spika za masikioni zisizo na waya, zile za elfu kumi na tano za Kariakoo, haipiti miezi miwili upande mmoja umekata, na kama kuna namna ya kuzifanya zidumu. Wadau wa juu wamekujibu "nunua orijino". Sawa, lakini mwenye laki mbili za kuning'iniza masikioni asingekuja kuuliza hapa.

Mimi nipo Temeke, nauza vifaa vya simu na kufanya ufundi mdogo mdogo pale pale mezani. Hizi spika za bei ya chini zinarudi kwangu kila wiki, na lalamiko ni lile lile: "Ya kushoto imekufa." Nikiletewa, spika yenyewe naiweka pembeni kwanza, naomba kikasha. Nyingi ya hizo zinazoitwa marehemu ni nzima kabisa, ila hazipati chaji.

Chukua tochi ya simu uangalie mwenyewe. Kwenye mwili wa kila spika kuna vidoti viwili au vitatu vya rangi ya dhahabu. Ndani ya kikasha, kwenye kila shimo, kuna vipini vyembamba vinavyobonyea na kurudi, ndani yake kuna springi ndogo. Chaji yote inapita hapo, hakuna njia nyingine. Sasa changanya jasho la Dar, nta ya masikio na vumbi la barabarani, halafu funga mfuniko. Utakuta vidoti vina utando mweusi, na vikikaa muda mrefu vinaota ukijani. Ile dhahabu ni rangi nyembamba tu iliyopakwa juu. Chumvi ya jasho ikishaila, chuma cha chini kinaanza kuoza. Au utakuta pini moja imezama haitaki kurudi juu. Spika imekaa vizuri shimoni, sumaku imeivuta, lakini chuma na chuma havigusani.

Kuna dalili moja ambayo watu hawaielewi. Umeweka spika zote mbili, umefunga kikasha, mtu anakupigia, unapokea na husikii kitu. Unaangalia simu, kumbe bado imeunganishwa na Bluetooth. Ile spika isiyogusa pini haijui kwamba imerudishwa ndani, kwa hiyo inabaki imewaka usiku kucha hadi chaji inaisha kabisa. Kesho tena hivyo hivyo. Kuishiwa hadi sifuri kila siku ndiko kunakokuja kuiua betri kweli. Ukiona hiyo dalili, safisha siku hiyo hiyo.

Namna ya kusafisha: nunua spiriti ya kusafishia vidonda duka la dawa, chovya kijiti cha pamba, kikamue kibaki na unyevu kidogo tu, sugua vidoti na pini. Kama vidoti vimeng'ang'ania weusi, kifutio cha penseli kinavitoa vizuri. Pini iliyozama ibonyeze kwa kijiti cha meno mara kadhaa hadi irudi yenyewe. Acha wazi pakauke ndipo urudishe spika. Sindano usiguse. Pini zile zimekaribiana sana, na ukiziunganisha kwa chuma unapiga shoti, halafu unaniletea useme imeharibika yenyewe.

Baada ya hapo tabia ni moja tu: ukizitoa sikioni, pitisha kitambaa au hata upindo wa shati kabla hujazirudisha. Waliotoka mazoezini waziache mezani zikauke kidogo kwanza, maana kikasha kikifungwa unyevu hauna pa kutokea. Na msidanganywe na maandishi ya IPX4 kwenye boksi. Hata ikiwa ya kweli, maana yake ni kustahimili matone ya maji yanayorukia, si kuzamishwa, na mara nyingi ni kwa spika tu, kikasha hakimo. Kwa bei hii mimi nayahesabu yale maandishi kama mapambo.

Tuje kwenye betri, maana hapo ndipo kwenye ukweli mchungu. Simu yako ina betri ya mAh 5,000 hivi. Spika moja ina kama 30 hadi 50. Betri za lithiamu za namna hii kwa kawaida zinakwenda mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha kabla hazijaanza kuchoka waziwazi. Mtu anayesikiliza kutwa nzima anamaliza mizunguko miwili kwa siku, kwa hiyo piga hesabu. Mwaka mmoja wa matumizi mazito ni mzuri kabisa kwa bei hiyo. Wanachokosa wengi ni huo mwaka wenyewe.

Kijana wa bodaboda anayeweka sikio la kulia tu, kila siku kulia, atakuja kwangu na kulia iliyokufa na kushoto mpya kabisa. Kama ni simu za kuongea au kusikiliza mpira, tumia moja, nyingine ipumzike ndani, halafu badilishana. Unapata muda mrefu wa kusikiliza na zinazeeka pamoja.

Joto nalo ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kikasha kilichojaa chaji halafu kikaachwa kwenye dashibodi ya gari au dirishani kwenye jua, betri inazeeka haraka sana, hata kama hukuitumia siku hiyo. Na ukisafiri ukakiacha nyumbani, usikiache kitupu. Kiache na chaji ya nusu hivi. Betri iliyokaa miezi bila kitu inashuka chini ya kiwango chake cha usalama, ukichomeka haipokei.

Hilo la kutopokea lina sababu nyingine, na limefanya watu watupe vikasha vizima. Una chaja mpya ya kasi, waya wake una kichwa cha C huku na C huku. Unachomeka kikasha, kimya. Chaja ya C haitoi umeme mpaka ione vipingamizi (rizista) viwili vidogo upande wa kifaa, vya kiloomu 5.1, na watengenezaji wa bei ya chini huviruka ili kubana gharama. Chukua waya wa kawaida, wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, chomeka tena. Nimeshamfanyia mama mmoja hivyo mbele ya mwanawe aliyemwambia ameuziwa kopo.

Sauti ndogo upande mmoja mara nyingi ni nta kwenye wavu. Toa kimpira, elekeza wavu chini, piga taratibu kwa mswaki laini mkavu ili uchafu udondoke badala ya kuzama. Hapo spiriti usitie, na usipulize kwa mdomo.

Kama pini ni safi, waya ni sahihi na kikasha bado kinazima baada ya kuchaji spika mara moja, betri yake imechoka. Hiyo inabadilishika. Fungua uone namba juu ya betri, mfano 602030: unene milimita 6, upana 20, urefu 30. Ukipata yenye namba hiyo na volti 3.7, fundi anachomelea nyaya mbili kazi imeisha. Betri ya ndani ya spika yenyewe siifungui, kwani imegundishwa kwa gundi na ukipasua huwezi kuifunga kama ilivyokuwa. Kikasha kilichovimba hadi mfuniko haufungi usikibonyeze wala kukichaji tena, na usikitupe jikoni kwenye moto.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujarudi Kariakoo, hebu zitoe zile za zamani kwenye droo, mulika pini za upande uliokufa, upige picha uiweke hapa. Kama kuna ukijani tutaona.