Maswali yenu kuhusu Olympia, picha ya mchoraji Mfaransa Édouard Manet

Wafaransa walizoea kuchora wanawake uchi. Kwa nini picha hii ilizua kelele?

Uchi wenyewe haukumshtua mtu. Mwaka 1863 mchoraji Cabanel alionyesha Venus amejilaza juu ya mawimbi, na Kaizari Napoleon III akainunua. Venus ni mungu wa hadithi za kale na macho yake yamelegea, kwa hiyo mtazamaji alimkodolea bila kuona haya. Manet, kwenye Salon ya 1865, onyesho kuu la sanaa la Paris, alileta mwanamke wa Paris: utepe mweusi shingoni, ndara mguuni, kiganja kimekaza juu ya paja, na macho yanakutazama wewe uliyesimama mbele yake. Watu wakaona kahaba anayemngoja mteja. Zogo lilikua hadi picha ikawekewa walinzi, kisha ikapandishwa juu kabisa ukutani.

Aliyechorwa alikuwa kahaba kweli?

Anaitwa Victorine Meurent, na ukahaba ni wa picha. Yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Mwaka 1876 Salon ilipokea kazi yake, ilhali za Manet zilikataliwa mwaka huohuo.

Na yule mwanamke mweusi mwenye maua?

Nashukuru umeuliza, maana wengi humpita. Ni Laure. Manet aliandika jina lake kwenye daftari, pamoja na anwani yake kaskazini mwa Paris, akamwita mrembo sana. Ufaransa ilikuwa imekomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, na mitaa hiyo ilikuwa na watu weusi huru waliofanya kazi za mshahara. Msogelee: gauni la waridi lililopauka, kilemba, hereni, na shada ambalo bado limo kwenye karatasi yake. Uso wake karibu umezwe na giza la nyuma, na kwa muda mrefu wataalamu walimwandika kama pambo tu. Kwangu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu amechukua karibu nusu ya picha. Utafiti wa mwanahistoria wa sanaa Denise Murrell, na maonyesho ya New York na Paris ya 2018 na 2019, vilimrudishia jina lake.

Iko wapi sasa?

Kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Manet alifariki mwaka 1883 bila kuiuza. Mchoraji mwenzake Claude Monet akachangisha karibu faranga 20,000, ikanunuliwa kwa mjane wa Manet na kukabidhiwa serikali mwaka 1890. Jumba la makumbusho la Louvre liliipokea mwaka 1907, kabla haijafika Orsay.