Uliza Mwalimu: Tukifika Mkunazini, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa kwaya hapa Kondele, Kisumu. Disemba tunakwenda Unguja, watu kumi na mmoja, na tumepanga kuingia lile kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa penye soko la watumwa. Binti yangu wa kidato cha tatu amekataa. Anasema ni kwenda kutalii mahali watu walipouzwa. Nimjibu nini? Na tukifika tuanzie wapi?
Mama wa Kwaya, Kondele

JIBU: Marahaba, mama. Usimkemee huyo binti. Mimi nimefundisha historia miaka ishirini na sita, na siku niliyokanyaga Mkunazini, mtaa lilipo kanisa hilo, ndipo nilipojua kwamba mada ile nilikuwa nikiipitia kama orodha ya tarehe za mtihani. Yeye ameshaona kwamba tunazungumzia watu. Mpe yafuatayo asome mwenyewe.

Soko lilifungwa Juni 1873, Sultan Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Hesabu hiyo miezi, mama: haikutimia hata saba. Waliopita njiani siku ile walikuwa wamesikia kwa masikio yao watu wakinadiwa. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi ya 1877. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, na paa lake la mviringo kama pipa lililopasuliwa, la zege ya matumbawe na saruji, watu walilitabiria kuanguka. Lipo hadi leo.

Madirisha ni membamba, yamechongoka juu, mtindo wa Gothiki wa makanisa ya kale ya Ulaya, lakini mapambo mengine yana mkono wa Kiarabu. Mkiingia, angalieni nguzo za karibu na mlango: zimesimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Nashukuru aliziacha, maana majina ya mafundi wale hatunayo ila kazi yao ile tunaiona.

Sasa nendeni mbele, taratibu. Sakafuni penye madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Hapo ndipo panapotajwa kuwa palisimama mti waliofungiwa watu na kuchapwa viboko. Nyekundu ni damu yao. Nilichutama nikaweka kiganja. Nje jua lilikuwa kali, lakini lile jiwe lilikuwa baridi. Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa akipanga viti, akikiinua kimoja kimoja bila kukiburura, na mimi nikashindwa kusimama kwa muda.

Mara ya kwanza sikuyaona haya yote. Kiongozi wetu alitupitisha mbio kwa kuwa kundi jingine lilikuwa linangoja, nikatoka bila kuuona msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ule ambao moyo wa mmishenari David Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Ilinibidi nirudi kesho yake. Kwa hiyo mwambieni kiongozi wenu mapema kwamba mnataka asubuhi nzima.

Kuanza, anzieni nje. Uani kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na mnyororo ule ni wa enzi yenyewe ya biashara hiyo. Mtu asijipige picha pale, nakusihi. Tazameni nyuso, kisha ingieni kanisani, kwa sababu mkishaziona mtataka mahali pa kukaa kimya.

Kama mtakuwepo Jumapili, salini nao. Sisi wa huku tumelelewa na wamishenari wa CMS (Church Missionary Society), wale walioanzisha shule ya Maseno mwaka 1906, na ibada yetu haina mengi. Mkunazini ni mapokeo ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni nyingine ya Kianglikana, kwa hiyo mkinusa ubani msishangae. Vaeni vya kusitiri mabega na magoti, na kanga moja moja begani, maana mji ni wa Waislamu na heshima hutangulia. Paspoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi, si chini ya mizigo.

Na kwa binti, jambo moja zaidi. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere, aliyefariki 1882. Mtu huyo alikaa na Waunguja akaandika sarufi ya lugha yao na kutafsiri Maandiko. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Insha anazoandika darasani Kondele zina mizizi katika vichochoro hivyo, na walioisema lugha hiyo pale sokoni walikuwa wanaouza na wanaouzwa.

Mwombeni kasisi ruhusa muimbe wimbo mmoja, wa taratibu. Binti akikataa bado, msimburute. Akae uani karibu na lile shimo, na mmoja wenu abaki naye.